Imani ya Walaji: Namba Moja, Maswali Matano

Mwezi Juni 2022, Chuo Kikuu cha Michigan nchini Marekani kilitangaza kwamba fahirisi yake ya imani ya walaji, yaani namba inayopima wanunuzi wanavyoiona hali ya fedha zao na ya uchumi, ilikuwa imeshuka hadi 50.0. Katika historia yote ya kipimo hicho, ambacho mizizi yake ni miaka ya mara tu baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, hapakuwahi kuwa na mwezi uliosomeka chini namna hiyo: si Mei 1980, wakati mfumuko wa bei na riba kubwa vilipowabana Wamarekani na fahirisi ikafika 51.7, wala Novemba 2008, wakati mabenki makubwa yalikuwa yakiyumba, wafanyakazi wakiachishwa kazi kwa mamia ya maelfu, na fahirisi ikasoma 55.3. Kwa yeyote aliyefundishwa kwamba walaji wakikata tamaa huacha kununua, na wakiacha kununua uchumi hulala, tangazo lile lilikuwa kama hukumu iliyokwisha kusomwa.

Hukumu hiyo haikutekelezwa. Mwezi ule ule ukosefu wa ajira nchini humo ulikuwa asilimia 3.6, na ilipofika Januari 2023 ulikuwa umeshuka hadi asilimia 3.4, kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana tangu mwaka 1969. Matumizi ya kaya, hata baada ya kuondoa athari za kupanda kwa bei, yaliendelea kukua. Watu waliowaambia watafiti kwamba hali ni mbaya kuliko wakati wowote waliweka simu chini, wakaenda kula hotelini na kukata tiketi za ndege.

Wapo waliohitimisha hapo kwamba kipimo chenyewe hakina maana. Nadhani walikosea mahali pa kulaumu. Fahirisi ya imani ya walaji ni majibu ya maswali kadhaa yaliyofungwa pamoja katika furushi la namba moja, na maswali hayo hayapimi kitu kimoja. Mara nyingi yanakwenda pamoja, ndiyo maana namba ile huonekana kueleweka yenyewe bila msaada. Yanapoachana, kama yalivyoachana mwaka 2022, anayesoma furushi bila kulifungua hupata jibu la swali ambalo hakuuliza.

Uwezo na utayari

Umuhimu wa jambo hili kwa Marekani hauhitaji maelezo marefu. Matumizi ya kaya hubeba takriban theluthi mbili ya pato la taifa la nchi hiyo, na takwimu kamili za matumizi hayo hutoka kwa kuchelewa, kisha husahihishwa tena na tena. Hojaji, kwa upande wake, hutoa matokeo ya awali katikati ya mwezi ule ule unaopimwa. Wafanyabiashara wa hisa, mabenki na watunga sera wanapenda kujua mapema, na hapo ndipo fahirisi inapopata wateja wake.

Aliyeanzisha utaratibu huu ni George Katona, mzaliwa wa Budapest mwaka 1901, aliyesomea saikolojia, akafanya kazi Ujerumani, kisha akahamia Marekani mwaka 1933. Vita vilipomalizika, swali kubwa lilikuwa ni nini kingetokea kwa akiba ambayo Wamarekani walikuwa wameirundika, hasa kwa kununua hatifungani za serikali, katika miaka ambayo magari na majokofu hayakuwa yakitengenezwa kwa ajili ya raia. Wanauchumi wengi waliogopa kwamba askari wangerudi, viwanda vya silaha vingefungwa, na mdororo mkuu wa miaka ya 1930 ungeanza upya. Katona aliwauliza watu wenyewe. Alikuta kaya zenye matumaini na hamu ya kununua, na miaka iliyofuata ikampa haki.

Hoja yake ya msingi ilikuwa kwamba kununua kunahitaji vitu viwili: uwezo na utayari. Uwezo ni kipato, akiba na mkopo, na vyote vinaonekana katika vitabu vya hesabu. Utayari hauonekani humo. Ni lazima uulizwe. Aliongeza sharti ambalo wengi wanaomtaja hulisahau, nalo ni kwamba utayari una uzito katika ununuzi unaoweza kuahirishwa. Mtu haahirishi chumvi wala dawa ya mtoto kwa sababu amesikia habari mbaya redioni. Anaahirisha gari, samani, ukarabati wa nyumba na safari ya mapumziko. Kwa hiyo kipimo cha Katona kiliundwa kwa ajili ya jamii ambayo sehemu kubwa ya kipato cha kaya hubaki baada ya mahitaji ya lazima kutimizwa. Sharti hilo nitalirudia tutakapofika Afrika Mashariki.

Namba inavyopikwa

Maswali ni matano, na yamebaki karibu yale yale kwa miongo mingi. La kwanza linamwuliza mhojiwa kama yeye na familia yake wana hali nzuri zaidi au mbaya zaidi kifedha kuliko mwaka mmoja uliopita. La pili linamtaka aseme anavyotarajia hali hiyo iwe baada ya mwaka mmoja. La tatu linatoka nje ya nyumba: katika miezi 12 ijayo, je, biashara nchini zitapata nyakati nzuri au mbaya? La nne linalinyoosha jambo hilo hilo hadi miaka mitano. La tano linauliza kama sasa ni wakati mzuri au mbaya kwa watu kununua vitu vikubwa vya nyumbani, kama vile samani, jokofu, jiko na televisheni.

Kwa kila swali, watafiti huchukua asilimia ya waliojibu kwa matumaini, wakatoa asilimia ya waliojibu kwa mashaka, kisha wakaongeza 100 ili kuepuka namba hasi. Jumla ya maswali yote matano hugawanywa kwa 6.7558, kigawanyo kilichotokana na majibu ya mwaka wa msingi, ambao ni 1966, halafu huongezwa 2 kufidia mabadiliko ya sampuli yaliyofanyika miaka ya 1950. Hayo tu ndiyo mapishi yote.

Ukikaa na kalamu na kuipiga hesabu hiyo, unagundua jambo ambalo taarifa za habari hazilitaji. Chukua nchi ambayo wenye matumaini na wenye mashaka wanalingana sawasawa katika kila swali. Kila swali litapata 100, jumla itakuwa 500, na fahirisi itasoma takriban 76. Maana yake ni kwamba mizani iliyosawazika iko 76, wala si 100 kama wengi wanavyodhani. Fahirisi ikisoma 100, wenye matumaini wanawazidi wenye mashaka kwa wastani wa pointi 32 hivi za asilimia katika kila swali. Hiyo ni jamii yenye furaha kweli kweli, na si ajabu, kwa kuwa mwaka 1966 ukosefu wa ajira nchini Marekani ulikuwa chini ya asilimia 4. Kwa upande mwingine, 50.0 ya Juni 2022 ina maana kwamba wenye mashaka waliwazidi wenye matumaini kwa wastani wa pointi 35 hivi. Ni wengi, lakini si taifa zima lililokata tamaa. Na kwa kuwa kila jibu huhesabiwa kwa upande wake tu, aliyesema hali yake imeharibika kidogo kwa sababu mafuta ya gari yamepanda ana uzito sawa na aliyepoteza kazi na nyumba. Fahirisi inahesabu ni wangapi wanaolalamika; ukubwa wa maumivu yao haiupimi.

Jambo jingine ni sampuli. Kwa miaka mingi utafiti huu ulifanywa kwa simu kwa watu 500 au 600 hivi kila mwezi, na mwaka 2024 ukahamishiwa mtandaoni. Kwa idadi ya namna hiyo, kupanda au kushuka kwa pointi mbili tatu kunaweza kuwa ni bahati ya nani aliyehojiwa mwezi huo. Hata hivyo, pointi mbili hizo hutosha kuwapa waandishi wa habari za masoko kichwa cha habari, na kila mwezi wanakipata.

Mwezi mmoja, picha mbili

Michigan haiko peke yake. Taasisi ya utafiti iitwayo Conference Board, yenye makao yake New York, imekuwa ikitoa fahirisi yake tangu mwaka 1967, na mwaka wake wa msingi, uliopewa 100, ni 1985. Nayo ina maswali matano, lakini yameelekezwa kwingine: hali ya biashara katika eneo la mhojiwa kwa sasa, upatikanaji wa kazi kwa sasa, kisha matarajio ya miezi sita ijayo kuhusu biashara, kazi na kipato. Mhojiwa anaulizwa iwapo kazi ni tele au zinapatikana kwa shida. Haulizwi kama mfuko wake umekuwa mwepesi kuliko mwaka jana.

Mwezi Juni 2022, Michigan ilipokuwa katika shimo lake la kihistoria, fahirisi ya Conference Board ilisoma karibu 98, yaani ilikuwa jirani kabisa na kiwango chake cha mwaka wa msingi. Walaji walikuwa wale wale, na mwezi ulikuwa ule ule. Mfumuko wa bei wa mwaka ulikuwa umefika asilimia 9.1 na galoni ya petroli ilikuwa imevuka dola 5, kwa hiyo anayeulizwa kuhusu mfuko wake na bei za majokofu alinung'unika kwa haki. Lakini waajiri walikuwa wakitafuta watu kwa tochi, kwa hiyo anayeulizwa kuhusu kazi alikiri kwamba zipo. Wote wawili walisema kweli.

Hapa kuna tofauti ambayo nadhani ndiyo kiini cha mkanganyiko wote. Mfumuko wa bei humgusa kila mhojiwa bila kubagua, tajiri na maskini, aliyeajiriwa na mstaafu. Ukosefu wa ajira humgusa mmojammoja. Hata Oktoba 2009, ulipofikia asilimia 10, wafanyakazi tisa katika kila kumi walikuwa bado wana kazi. Ukiuliza watu wanajisikiaje, bei zitashinda, kwa sababu zina wapiga kura wengi. Lakini ukitaka kujua kama watu wataendelea kununua, kazi ina nguvu zaidi, kwa kuwa mshahara unaoingia kila mwezi, hata ukiwa umepunguzwa thamani, hutumika, na mshahara uliokatika hautumiki.

Isitoshe, watu hawasomi mfumuko wa bei kama takwimu zinavyousoma. Juni 2023 mfumuko ulikuwa umeshuka hadi asilimia 3.0, na bado fahirisi ya Michigan ilikuwa karibu 64, chini ya mstari wa usawa. Mtaalamu anasema bei zimepunguza mwendo. Mnunuzi anaona kwamba trei ya mayai haijarudi bei ya zamani, na haitarudi.

Je, inatabiri?

Wakati mwingine inatabiri, na inapotabiri huwa inatisha kwa usahihi wake. Januari 2007 fahirisi ya Michigan ilikuwa 96.9. Ilipofika Desemba mwaka huo ilikuwa 75.5, na Desemba hiyo ndiyo ambayo baadaye ilitambuliwa rasmi kuwa mwanzo wa mdororo. Kaya zilikuwa zimeona bei za nyumba zikianguka na mikopo ikianza kubana miezi mingi kabla kampuni ya Lehman Brothers haijafilisika Septemba 2008. Vivyo hivyo mwaka 1990, Iraq ilipoivamia Kuwait, fahirisi ilianguka kutoka 88.2 mwezi Julai hadi 63.9 mwezi Oktoba. Mwanauchumi Olivier Blanchard alikuja kuandika kwamba anguko la matumizi la wakati ule halikuweza kuelezwa vya kutosha na kipato, riba wala utajiri. Watu walitishika, na kutishika kwao kukawa sehemu ya chanzo.

Halafu kuna Agosti 2011. Wanasiasa wa Washington walikuwa wamevutana juu ya ukomo wa deni la taifa hadi dakika za mwisho, na kampuni ya Standard & Poor's, inayopima uwezo wa wakopaji kulipa madeni, ikaishusha daraja Marekani. Fahirisi ikaanguka hadi karibu 56, pale pale ilipokuwa Novemba 2008. Mdororo haukuja. Namba ni ile ile karibu kwa nukta, lakini mwezi mmoja uchumi ulikuwa unaporomoka na mwezi mwingine ulikuwa unakwenda kwa mwendo wa polepole tu huku wananchi wakiwakasirikia viongozi wao.

Watafiti wamelipima jambo hili kwa uangalifu zaidi kuliko mifano yangu. Mwaka 1994 Christopher Carroll, Jeffrey Fuhrer na David Wilcox, waliokuwa katika mfumo wa Benki Kuu ya Marekani, walichapisha uchunguzi ulioonyesha kwamba fahirisi ya Michigan peke yake hueleza takriban asilimia 14 ya mabadiliko ya ukuaji wa matumizi ya kaya katika kipindi kinachofuata. Si haba. Lakini ukishaweka mezani vitu vingine vinavyojulikana, kama kipato kilivyokwenda na matumizi ya nyuma yalivyokuwa, mchango wa ziada wa fahirisi hupungua sana. Kwa maneno mengine, sehemu kubwa ya inachotuambia tungeweza kuijua kwa njia nyingine, na kinachobaki kwa fahirisi peke yake ni kidogo, ingawa si sufuri. Ninavyosoma mimi mifano hii, kidogo hicho kina thamani zaidi katika misukosuko mikubwa kuliko katika miezi ya kawaida. Kupanda kutoka 88 hadi 91 hakusemi chochote cha maana. Kuanguka pointi 20 ndani ya miezi mitatu kunastahili kuulizwa sababu.

Pale mdomo na mkono vinapoachana

Sababu ya kwanza ya walaji kulalamika huku wakinunua mwaka 2022 ni akiba. Katika kipindi cha Uviko, serikali ya Marekani iligawa fedha kwa kaya huku maduka, viwanja vya michezo na safari vikiwa vimefungwa, na makadirio ya wachambuzi wa Benki Kuu yaliiweka akiba ya ziada iliyojikusanya kuwa zaidi ya dola trilioni 2. Kwa lugha ya Katona, utayari ulianguka lakini uwezo ulikuwa umevimba. Kwa Waingereza mambo yalikwenda tofauti. Septemba 2022 fahirisi ya kampuni ya utafiti ya GfK ya nchini mwao, inayopimwa tangu mwaka 1974, ilishuka hadi hasi 49, kiwango cha chini kabisa katika kumbukumbu zake, na huko bili za gesi na umeme zilikula kipato chenyewe. Kiasi cha bidhaa zilizouzwa katika maduka ya Uingereza mwaka huo kilipungua. Nchi mbili zilivunja rekodi za kukata tamaa ndani ya miezi michache, na ni moja tu iliyopunguza ununuzi dukani.

Bei ya kitu kinachonunuliwa nayo ina kauli. Baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001, imani ya walaji wa Marekani ilishuka, na kwa mantiki ya kawaida mauzo ya magari yangefuata. Badala yake General Motors ilianza kutoa mikopo isiyo na riba, washindani wake wakaiga, na Oktoba mwaka ule magari yaliuzwa kwa kasi ambayo, kama ingeendelea mwaka mzima, ingezidi milioni 21, wakati mwaka wa kawaida ulikuwa na milioni 17 hivi. Watu wenye hofu walinunua magari kwa sababu gari lilikuwa rahisi.

Kinyume chake pia hutokea: watu hununua kwa sababu wana hofu. Aprili 2025 fahirisi ya Michigan ilikuwa 52.2, na sababu kubwa waliyoitaja wahojiwa ilikuwa ushuru wa forodha wa serikali ya Donald Trump na matarajio kwamba bei zingepanda. Machi na Aprili hizo, wauzaji wa magari walipata wateja wengi kuliko kawaida, waliokuja kununua kabla ushuru haujafika kwenye bei. Aliyeangalia mauzo peke yake angesema walaji wana furaha. Aliyeangalia fahirisi peke yake angesema wamejifungia ndani.

Siasa ni jambo chungu zaidi, kwa kuwa limeingia ndani ya majibu yenyewe. Nchini Marekani chama kinachoshika ikulu kikibadilika, wafuasi wake huona uchumi umepona ndani ya wiki chache na wapinzani wao huona umeugua, ingawa mishahara na bei ni zile zile. Ilikuwa hivyo baada ya uchaguzi wa Novemba 2016 na tena baada ya ule wa Novemba 2024. Atif Mian, Amir Sufi na Nasim Khoshkhou walifuatilia matumizi halisi katika maeneo yenye wafuasi wengi wa chama kimoja au kingine, na hawakuona ununuzi ukitengana kama majibu yalivyotengana. Mtu anapoulizwa kuhusu nchi katika miaka mitano ijayo, mara nyingi anajibu swali la nani anatawala. Maswali ya tatu na ya nne ya Michigan ndiyo yanayoathirika zaidi na ugonjwa huo, na ndiyo ninayoyaamini kwa kiasi kidogo zaidi katika mwaka wa uchaguzi.

Mwisho wa orodha hii, ambayo haina mwisho, ni uzito. Fahirisi humhesabu kila mhojiwa mara moja, kama kura. Duka huhesabu fedha. Kaya zenye kipato kikubwa hubeba sehemu ya matumizi inayozidi kwa mbali idadi yao, na kaya hizo ndizo zenye hisa na nyumba ambazo thamani yake ilikuwa imepanda sana. Walaji wengi wanaweza kuwa na huzuni ya kweli huku wachache wenye mifuko mipana wakiendelea kuishikilia takwimu ya matumizi isianguke.

Na huku kwetu?

Barani Afrika kipimo cha aina hii kilichokaa muda mrefu ni cha Afrika Kusini, ambako kitengo cha utafiti wa uchumi cha Chuo Kikuu cha Stellenbosch kimekuwa kikiwahoji walaji tangu mwaka 1975. Hutoka kila robo mwaka na kina maswali matatu tu: mwelekeo wa uchumi, mwelekeo wa fedha za kaya, na kama sasa ni wakati mzuri wa kununua bidhaa za kudumu. Robo ya pili ya 2020, nchi ilipofungwa kwa sababu ya Uviko, kilishuka hadi hasi 33.

Afrika Mashariki tunachokisikia zaidi katika habari ni fahirisi ya mameneja wa manunuzi ambayo benki ya Stanbic huitoa kila mwezi kwa Kenya na kwa Uganda. Hiyo huuliza kampuni kuhusu oda, uzalishaji na ajira, mlaji haulizwi. Mstari wake wa katikati ni 50, na Julai 2024, katika wiki za maandamano ya vijana yaliyoanzia kwenye Muswada wa Fedha, ya Kenya ilishuka hadi 43.1. Afrobarometer, mtandao wa utafiti wa maoni barani Afrika, huwauliza wananchi wa nchi zetu maswali yanayofanana sana na ya Katona, kuhusu hali yao ya maisha na wanavyotarajia uchumi wa nchi uwe baada ya miezi 12, lakini duru zake hupishana kwa miaka, kwa hiyo haziwezi kufuata mapigo ya mwezi.

Tukiamua kuwa na kipimo chetu cha kila mwezi, kunakili hojaji ya Michigan kungekuwa kosa, na sababu ni lile sharti la ununuzi unaoahirishika. Katika kapu linalotumiwa kupima mfumuko wa bei, chakula hubeba takriban theluthi moja nchini Kenya na zaidi ya robo nchini Tanzania, wakati Marekani ni asilimia 13 hadi 14. Hizo ni wastani. Kwa kaya maskini sehemu ya chakula ni kubwa zaidi. Kaya ya namna hiyo ikipoteza matumaini, haina kikubwa cha kuahirisha. Itapunguza milo, itamtoa mtoto shule ya kulipia, au itakwenda kukopa kwa kausha damu, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo kitakachoonekana katika swali la jokofu. Halafu kuna suala la kipato chenyewe. Kumwuliza mkulima wa mahindi au dereva wa bodaboda kama ana hali nzuri kuliko mwaka jana kunategemea sana unamwuliza lini: kabla ya mavuno au baada, msimu wa mvua au wa kiangazi. Mtu yule yule anaweza kuhama kutoka upande wa mashaka kwenda wa matumaini bila uchumi wa nchi kubadilika hata kidogo.

Tunavyo, hata hivyo, vitu vinavyoahirishika, na vinaonekana kwa macho. Familia nyingi hujenga nyumba kidogo kidogo, mwaka huu msingi, mwakani kuta, na paa likifika ndipo likifika. Kaya ikiingiwa na wasiwasi, kitu cha kwanza kusimama ni ujenzi. Kwa hiyo matumizi ya saruji, ambayo Shirika la Takwimu la Kenya huyachapisha pamoja na usajili wa magari na pikipiki, yanasema jambo fulani kuhusu utayari wa kununua, ingawa yamechanganyika na miradi ya serikali na majengo ya kampuni kubwa, na hayatofautishi aliyeacha kujenga kwa hofu na aliyeacha kwa kuishiwa.

Tofauti hiyo ndiyo ambayo hojaji peke yake ingeweza kuitoa. Ningeanza na swali la kama kaya imesimamisha ujenzi au ununuzi mkubwa katika miezi mitatu iliyopita, na kwa nini: fedha hazikupatikana, bei zilipanda, au fedha zipo lakini zinawekwa kwa kuhofia kinachokuja. Ningeuliza kama fedha zinazowekwa kwenye kikoba au chama zimeongezeka au zimepungua, na kama mkopo wa mwisho ulichukuliwa kwa biashara, kwa ada au kwa chakula. Swali la hali ya nchi katika miaka mitano ijayo ningeliacha kabisa, hasa mwaka wa uchaguzi. Na matokeo ningeyachapisha swali kwa swali, mkoa kwa mkoa, yakilinganishwa na mwezi ule ule wa mwaka uliopita ili mavuno yasitudanganye, kabla ya kuyajumlisha katika namba yoyote moja.